Msiba Hautangazwi Njiani

Rafiki yangu alipokuja kunitembelea Nyamira, alishuka garini amevaa buibui na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, msimu wa mvua, kwetu. Nilicheka hadi nikashika nguzo ya kibanda. Tulisoma pamoja chuo cha ualimu Mombasa, na miaka ile yote yeye ndiye aliyekuwa akinicheka: jinsi nilivyoiogopa bahari, jinsi nilivyohangaika na miiba ya samaki, jinsi nilivyosema. Mama yake alipenda kusema Kiswahili changu kimevaa gambuti. Aliyasema hayo huku akinipakulia sahani ya pili ya wali, kwa hiyo sikuwahi kununa. Kila Jumapili nilikuwa nyumbani kwake, na mbele ya majirani aliniita binti yake wa bara.

Sasa zamu ya kuwa mwenyeji ilikuwa yangu. Alifika Ijumaa jioni. Jumamosi kwetu ni Sabato, tukaenda kanisani, yeye akabaki na swala zake na usingizi wa safari. Matembezi ya mjini tukayaweka Jumapili. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilipiga mabati hadi tukawa tunaongea kwa kupaza sauti, na stima ikapotea kama ilivyo ada yake. Asubuhi simu ya mgeni ilikuwa imezima kabisa. Akaichomeka ukutani na kuiacha, stima ikirudi iikute hapo. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa amewapa watu wa kwao namba yangu, akasema mwenye haja naye atapiga kwangu.

Tuliondoka baada ya chai. Mume wangu aliendesha, mama mkwe akakaa mbele kwa haki ya umri, nyuma tukawa mimi, mgeni na binti yetu mdogo. Mama mkwe alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alisema yeye mwenyewe hajawahi kutembezwa Kisii. Anachokijua mjini ni soko na hospitali. Rafiki yangu alimwamkia shikamoo, naye akajibu, "Ee, asante sana," kwa kuwa salamu hiyo huku kwetu husikika redioni tu. Tulipita Keroka, tukapita Keumbu na mafungu yake ya ndizi kando ya barabara, na njia nzima mgeni alikuwa akimcheka binti yangu kwa kuniita "baba." Nikamweleza kwamba kwa Ekegusii baba ni mama. Akasema watu wa bara hawakosi vituko.

Kisii si mji wa kutembezea mgeni, nakiri. Umejengwa kwenye mteremko, na kila jengo linalojengwa linamkanyaga mwenzake. Ukiacha barabara kuu unapanda, ukimaliza kupanda unashuka, na popote palipobaki nafasi ya mguu ameketi mama na beseni la parachichi. Rafiki yangu alisimama mbele ya benki moja akashika kiuno. "Mwenzangu," akaniambia, "mji gani huu hauna pahala mtu akasimama wima?" Lakini alikuwa anafurahi, na mimi nilikuwa nafurahi kupita kiasi, kama mtoto aliyeleta mwenzake nyumbani kumwonyesha mbuzi wao.

Soko la Daraja Mbili tuliingia wawili tu. Mume wangu alibaki garini na mama yake na mtoto. Sokoni pale wapo watu wa mkono mrefu, kwa hiyo simu yangu nilimwachia yeye. Tulizunguka sana. Nilimwonyesha chinsaga, zile mboga chungu ambazo sisi hupika na maziwa, akaonja jani bichi akatema. Alinunua ndizi za kuiva, akamnunulia mama yake kijungu cha udongo cha kupikia hizo mboga, akisema atamlazimisha ale.

Tukiwa humo ndani, kaka yake alipiga simu yangu na mume wangu akapokea.

Nilichoelezwa baadaye ni hiki. Mama wa rafiki yangu aliamka kuswali alfajiri, akaanguka msalani, na hakuamka tena. Ilikuwa presha. Kaka mtu aliomba mambo mawili tu: dada yake aambiwe, na ampigie mara moja. Mume wangu alimpa pole, akasema sawa. Kaka hakusema mazishi ni saa ngapi, maana kwao hilo halisemwi, kila mtu analijua. Mume wangu naye hakuuliza. Alikuwa amesikia kwamba Waislamu huzika haraka, lakini kwetu maiti hukaa mochari wiki mbili, kamati zikikaa na michango ikichangwa, na mtu akizikwa siku ya nne watu hunong'ona kuwa familia ina haraka ya nini. Haraka aliyoiwaza yeye ilikuwa siku ya tatu, labda ya nne.

Akamwambia mama yake. Na mama yake, bila kusita, akaamua kama alivyofundishwa: msiba hautangazwi njiani. Mtu hupelekwa nyumbani kwanza, akalishwa, akaketishwa katikati ya wanawake watakaomshika akianguka, ndipo huambiwa. Kabla ya hapo kila anayejua hukunjua uso na kuzungumza habari za mvua.

Nisimfanye mama mkwe kuwa mtu mbaya. Baba mkwe alipofariki, yeye alikuwa Keumbu akiuza ndizi, na mtu mmoja wa boda alimpigia kelele kutoka upande wa pili wa barabara kwamba mbona yuko sokoni na mumewe amekufa. Aliketi chini pale pale, katikati ya ndizi zake. Watu wakampita. Anasema kuna aliyemwuliza bei. Tangu siku hiyo aliapa kwamba mtu yeyote ambaye yeye anaweza kumkinga hatapewa kifo hivyo, na katika ukoo wetu ndiye anayeitwa kila inapobidi mtu aambiwe. Anaifanya kazi hiyo vizuri. Nimemwona akiifanya na nimemheshimu.

Wakaamua pia kwamba mimi nisiambiwe. Mama mkwe alisema uso wangu hauna mlango. Hapo ndipo ninapokasirika mpaka leo, kwa sababu katika gari lile mimi peke yangu ndiye ningejua. Nimeishi Mombasa. Nimewahi kumwamkia mzee barazani asubuhi, na jioni nikawaona watu wakirudi kutoka makaburini kumzika. Ningepiga kelele sokoni mle mle.

Tuliporudi na mizigo, mume wangu aliniambia simu yangu imeisha chaji. Kwa jinsi stima ilivyotufanyia usiku, niliamini.

Kuanzia hapo matembezi yakawa matamu ajabu. Mama mkwe, ambaye huona kununua chakula hotelini ni sawa na kuchoma pesa, alisema tule hotelini na yeye ndiye atakayelipa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikajisemea. Tulikula samaki; kwenye habari za nguruwe Wasabato na Waislamu tumeelewana, hakukuwa na shida ya kuulizana. Mama mkwe alimtolea mgeni miiba kwa vidole vyake mwenyewe, akamwekea minofu kando ya sahani. Tulipotoka alimshika mkono kuvuka barabara na hakuuachia tena. Mimi tangu niolewe, mkono ule nimeushika kwa salamu tu. Nilikuwa nikitembea nyuma yao nimebeba kijungu na wivu wangu.

Kwenye duka la vinyago vya mawe ya Tabaka, rafiki yangu alitaka kumchagulia mama yake sahani. Akawa anauliza rangi, anauliza kama ikianguka itavunjika. Mama mkwe akasema twende tu, sahani zipo, atanunua siku nyingine. Nikamwona mgeni amefadhaika kidogo, akidhani labda anatuchelewesha. Nikamwambia mama mkwe kwa Ekegusii kwamba mwenzangu ana haki ya kununua anachotaka kwa pesa zake. Hakunijibu, na hilo lingenitosha kushtuka, maana mama mkwe hajawahi kuniachia neno la mwisho.

Adhuhuri ilitukuta karibu na msikiti wa mjini. Rafiki yangu aliomba dakika chache aingie aswali. Alitoka uso umemlowa na umetulia, akaniambia amemwombea mama dua, kwa sababu Ijumaa kwenye simu alilalamika kichwa kinamgonga. Mume wangu alikuwa ameegemea gari. Alisikia hayo, akaingia ndani na kufunga mlango kabla yetu.

Kisha akasema anataka kumwonyesha mgeni Nyakoe. Niliona aibu. Nyakoe kuna nini? Kuna soko, kuna ndizi, na kuna barabara inayokwenda Kisumu. Lakini aliishika barabara hiyo na kuendesha kwa kasi ambayo si yake, hata mtoto akalalamika. Tulipofika Nyakoe alisimamisha gari kando, akatoka, akaenda kusimama nyuma ya buti. Mama yake akamfuata. Kupitia kioo niliona midomo yao ikienda. Nilidhani mama mkwe ana haja ndogo na anatafutiwa mahali. Rafiki yangu alikuwa akimwimbia binti yangu.

Mume wangu alikuwa amekata shauri kutupeleka hadi Kisumu, uwanja wa ndege, amwambie huko huko na amkatie tiketi. Hakuwa na sababu ya maana, aliniambia, ila roho ilimuuma tangu msikitini. Mama yake akamwuliza swali moja: huko uwanjani atamwacha na nani? Akilia, nani atamshika? Atamtupa mtoto wa wenyewe mikononi mwa watu asiowajua, kama mtu aliyefukuzwa? Mume wangu akarudi kwenye usukani. Aligeuza gari. Jua lilikuwa bado juu. Kaka wa rafiki yangu aliniambia baadaye kwamba walikuwa wakingoja simu tu. Kama mtu angewaambia yuko njiani, wangemlaza mama mpaka asubuhi. Walipiga na kupiga, yangu imezimwa, ya kwake imezima. Wazee wakasema ukimya ule maana yake ameambiwa na ameridhia.

Tulirudi kwa njia ya Manga. Pale juu kwenye mwamba mume wangu alitupiga picha kwa simu yake, upepo ukilikamata buibui, mimi nikilishikilia. Rafiki yangu anacheka katika kila picha. Mama mkwe yumo katika moja tu, na ukiitazama leo unaona kila kitu: amemshika kiuno kama mtu anayemshika mgonjwa asidondoke. Mgeni aliniuliza kama ni kweli siku za jua safi ziwa linaonekana kutoka pale. Nikasema ni kweli, na tukakaza macho tukitafuta maji. Ilikuwa karibu alasiri.

Tulipofika nyumbani, sebule ilikuwa imejaa wanawake wa kanisa. Mume wangu alikuwa amewapigia. Walikaa kimya, vitambaa vichwani, mikoba mapajani. Wazo langu la kwanza lilikuwa vikombe havitatosha. La pili likanisimamisha mlangoni. Ninawajua wanawake hao wakiwa wamekaa hivyo. Wakija kumsalimu mgeni huja na kelele na mayai. Nikakumbuka mkono usioachiliwa, samaki aliyetolewa miiba, mama mkwe aliyeninyamazia dukani, simu yangu iliyoisha chaji. Nikajua kuna aliyekufa, na nikajua wamenificha mimi. Nikasema moyoni: ni mama yangu. 

Mama mkwe alinipita. Alimketisha rafiki yangu kwenye kochi, akamletea chai na viazi vitamu, akamwambia, "Wewe kula kwanza." Naye, kwa adabu za kwao, akala, huku akitabasamu kwa wageni ambao hawakutabasamu.

Na mimi nilipumua. Niseme ukweli, nilifurahi. Ilikuwa furaha fupi, kama ya mtu aliyeponea gari barabarani, na ilipopita nikabaki nikimwangalia rafiki yangu akimenya kiazi. Nikaelewa basi ni nani.

Alipomaliza, mama mkwe alimwondolea sahani, akakaa naye bega kwa bega, akamshika mikono yote miwili. "Mwanangu," akasema, "mama yako amepumzika." Wanawake wakasogea, tayari kumdaka.

Hakuanguka. Alisema Inna lillahi kwa sauti ya chini, yote mpaka mwisho, kisha akauliza lini. Mama mkwe akamwambia leo asubuhi. Akauliza nani amesema. Kaka yako, alipiga. Akauliza saa ngapi, na hapo mume wangu, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Mlipokuwa sokoni." Rafiki yangu alinigeukia. Sijui aliona nini usoni mwangu, ila alitikisa kichwa taratibu kama anayeliweka jambo hilo pembeni kwa sasa. Akasimama, akaenda chumbani kwenye simu yake. Stima ilikuwa imerudi zamani.

Mlango hakuufunga. Nilisimama kando ya kizingiti nikasikia sauti ya kaka yake ikitoka kwenye simu, kavu, ya mtu aliyekwisha kulia. "Tumeshamstiri, baada ya alasiri. Tulikungoja, dada. Hukupiga." Alimjibu kwamba amesikia. Hakumweleza lolote juu yetu. Akaulizia aliyemwosha, akaambiwa ni mashangazi, na mmoja wa majirani. Hiyo ilikuwa kazi yake yeye, binti wa pekee. Nikakumbuka sahani za wali na ule mzaha wa gambuti, nikalia nimeuma kanga, nikiogopa kumpita yeye kwa kilio katika msiba wake.

Huku sebuleni mama mkwe alikuwa ameshaanza kupanga. Kupanga ndiko kuomboleza kwake. Wanawake wawili watalala hapa wasimwache peke yake. Kanisa litachanga. Itatafutwa basi, maana hatuwezi kumpeleka mtoto wa watu kwao mikono mitupu. Zitabebwa ndizi, na yeye mwenyewe atakwenda, miguu mibaya hivyo hivyo, akakae naye mpaka siku ya kumzika mama. Aliulizia kama Mombasa kuna mahali pa wageni kulala. Wanawake wakaitikia. Nilijaribu kumkatiza, akaninyamazisha kwa kiganja.

Rafiki yangu alirudi akasimama mbele yake. Alikuwa amejifunga mtandio upya. Alimwacha azungumze hadi mwisho, yote, hadi kwenye basi na ndizi, akamsikiliza kama anavyosikilizwa mkubwa.

"Mama," akasema, "ameshazikwa."

Mama mkwe alidhani Kiswahili kimemtupa. Akanitazama. Nikamwambia kwa Ekegusii kwamba amezikwa, kwamba kwao ndivyo inavyokuwa, mtu akifa asubuhi jua halichwi juu yake. Akauliza, leo? Nikasema leo, tulipokuwa tukishuka Manga. Alinyanyuka nusu akakaa tena. Hajasomea mambo ya Waislamu, lakini kaburi analijua. Kwetu mama hafunikwi udongo mtoto akiwa bado hajafika. Atangojwa hata kama yuko ng'ambo. Akafumbata mikono kwenye gauni la kanisani.

"Watamzikaje," akaniuliza kwa Ekegusii, na kwa mara ya kwanza siku nzima sauti yake ilikuwa ya hasira, "watamzikaje mtu bila mtoto wake?"

Rafiki yangu aliuliza anasema nini. Ningeweza kudanganya. Siku nzima tulikuwa tumedanganyana kwa huruma, na uongo mmoja zaidi usingeonekana. Nikamwambia.

Hakupandisha sauti. "Mwambie, mtoto wake mlikuwa naye nyinyi."

Nikamgeukia mama mkwe nikamfikishia, kwa lugha yetu, polepole: mtoto wake tulikuwa naye sisi.